Slaidi Zimefika, Sauti Imebaki Nyumbani

Niliitwa kufunga projekta na spika kwenye arobaini ya bibi mmoja. Slaidi hazikuwa kazi yangu. Mjukuu wake alizitengeneza mwenyewe kwa PowerPoint. Zilikuwa picha za bibi tangu ujana wake, na kwenye slaidi ya saba ilikuwepo sauti yake, aliyorekodiwa kwa simu akiwataja wazee wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Kijana akaniletea flashi, nikaichomeka, picha zikapita vizuri mpaka tukafika ya saba. Alama ya spika ilionekana pale katikati. Nikabofya, kimya. Nikapandisha sauti, nikakagua waya, nikabofya tena. Kimya.

“Fundi, nyumbani ilikuwa inalia vizuri kabisa,” kijana akaniambia, na nilimwamini. Ilikuwa inalia kwa sababu nyumbani ndiko ilikokuwa. Ilibidi apande bodaboda akailete, na ukumbi mzima ukakaa zaidi ya nusu saa kumsubiri. Naandika haya ili jambo hilo lisimkute mtu mwingine kwenye msiba, harusi au darasani.

Sauti hukaa kwenye slaidi kwa namna mbili. Ya kwanza ni kupachikwa: sauti inaingia ndani ya faili la slaidi, na popote faili linapokwenda, sauti ipo. Ya pili ni kuunganishwa: ndani ya slaidi hakuna sauti yoyote, kuna anwani tu ya mahali sauti ilipo, kwa mfano C:\Users\Home\Music\bibi.mp3. Ni kama kumwelekeza mgeni kwamba akifika kwenye mwembe akate kulia. Ukimpeleka mgeni huyo mtaa mwingine, maelekezo anayo yote kichwani, ila mwembe haupo.

Utajuaje slaidi zako ni za aina gani? Anza na ukubwa wa faili. Faili la sauti la aina ya MP3, la kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua karibu MB 1 kwa kila dakika. Ukiwa na sauti ya namna hiyo ya dakika tano na faili lako zima lina KB 900, basi sauti haimo humo, huna haja ya kuuliza zaidi.

Mimi nilitaka kijana aone kwa macho yake, kwa hiyo shughuli ilipoisha tukakaa kwenye kompyuta yake. Faili la .pptx kwa kweli ni mzigo wa zip, yaani mafaili mengi yaliyofungwa kuwa moja, uliopewa jina jingine. Tulitoa nakala, tukabadilisha mwisho wa jina kutoka .pptx kuwa .zip, tukaifungua. Ndani kuna folda iitwayo ppt, na ndani yake media, ambako picha zote za bibi zilikuwa zimejipanga. Sauti haikuwemo. Kisha tukaingia slides, halafu _rels, tukafungua slide7.xml.rels kwa Notepad. Pale katikati ya maandishi yaliyobanana tukaisoma anwani yenyewe, imeanza na file:/// ikafuatiwa na njia ya folda ya muziki ya kompyuta yake, na mbele kidogo neno External, yaani kitu kiko nje ya faili. Kijana aliisoma mara mbili, akanyamaza.

Kilichonitisha zaidi ni jambo alilonieleza baadaye. Alikuwa amepanga kufuta ile rekodi kwenye folda ya muziki ili apate nafasi, kwa kuwa “tayari iko kwenye slaidi”. Kwenye simu ilikwishafutika. Maana yake sauti ya bibi ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe palikuwa pakisubiri kufutwa. Nakuomba sana, kabla ya kugusa chochote, itafute rekodi yako ya asili na uiweke nakala sehemu mbili. Slaidi si ghala.

Tatizo hili lina historia. PowerPoint 2003 na 2007 zilikuwa zinapachika sauti za WAV, aina nyingine ya faili la sauti, peke yake, tena zisizozidi KB 100 mpaka ubadilishe mpangilio. MP3 ilikuwa inaunganishwa tu, utake usitake. Kuanzia toleo la 2010, kupachika ndiyo kawaida. Lakini faili za zamani bado zinazunguka maofisini na mashuleni, zinarithiwa na kubadilishwa picha. Wengine pia huchagua kuunganisha kwa makusudi ili faili liwe jepesi. Na wanaotumia LibreOffice Impress, programu nyingine ya slaidi, dirisha la kuingiza sauti lina kisanduku cha Link. Kikiwa na tiki, umeunganisha.

Dawa ninayoipendelea ni kupachika. Futa ile alama ya spika, nenda Insert, kisha Audio, kisha Audio on My PC, chagua sauti, ubofye Insert yenyewe. Usiguse kishale cha pembeni yake, kwa sababu humo ndimo inamokaa Link to File. Ukishamaliza, pangilia upya namna sauti inavyoanza na kuisha, maana mpangilio wa awali umeondoka na ile alama uliyoifuta.

Kama sauti ni nyingi na huna muda wa kurudia moja moja, nenda File, Export, Package Presentation for CD. Jina hilo huwapoteza watu, wakadhani ni lazima uwe na CD. Si lazima. Bofya Copy to Folder, kubali mafaili yaliyounganishwa yaingizwe, na PowerPoint itakusanya slaidi na sauti kwenye folda moja. Hiyo folda nzima ndiyo ya kuhamisha. Nimeona mtu akafanya yote haya sawasawa, kisha akachukua faili la slaidi peke yake akalitia kwenye flashi.

Ukituma kwa WhatsApp ni vivyo hivyo: ukiambatisha slaidi, zinakwenda slaidi tu. Ukifunga folda kwa zip, mwambie anayepokea aifungue yote kwanza na kuitoa nje. Akibofya slaidi mara mbili zikiwa bado ndani ya zip, Windows humtolea faili hilo moja, na sauti hubaki humo. Na sauti zilizorekodiwa WhatsApp kwenyewe huwa za muundo wa Opus. Zigeuze kuwa MP3 au M4A kabla ya kuziingiza.

Wakati mwingine sauti imefika salama na bado husikii kitu. Ukiunganisha projekta kwa waya wa HDMI, kompyuta inaweza kuanza kupeleka sauti kwenye projekta badala ya spika zako. Bofya alama ya spika karibu na saa, chagua mahali pa kutolea sauti.

Sasa kuhusu majaribio. Kujaribu kwenye kompyuta ileile uliyotengenezea hakuthibitishi chochote, kwa sababu pale anwani ya zamani bado ni ya kweli. Jaribu kwenye kompyuta ya jirani. Ukikosa, fanya hivi: badilisha jina la folda yenye rekodi ya asili, iite hata “ficha”, ili anwani ya zamani isifike popote. Chomeka flashi, fungua slaidi kutoka humo humo, nenda moja kwa moja kwenye slaidi yenye sauti, uisikilize mpaka mwisho. Ikilia, chomoa flashi, kisha rudishia folda jina lake.