Meza ya msimu maktabani: vitabu vishuke rafuni, vifike mikononi

Kitabu kilichopangwa rafuni kinamwonyesha mtu mgongo tu. Msomaji mzoefu hilo halimsumbui, maana amekuja na jina la mwandishi kichwani. Lakini wengi wanaoingia maktabani hawajui hasa wanachotafuta. Wanazunguka, wanasoma migongo miwili mitatu, kisha wanaketi na gazeti au wanaondoka zao. Meza ya msimu, yaani meza ya vitabu vilivyochaguliwa kwa mada moja ya wakati huo, huandaliwa kwa ajili yao. Inaanza na jambo ambalo tayari wanalo mawazoni: mvua zimeanza, shule zimefungwa, mitihani inakaribia, mashindano ya soka yamepamba moto.

Kuna sababu nyingine, ya kitaalamu zaidi. Mfumo wa desimali wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876 na unaotumika hadi leo katika maktaba nyingi duniani, hupanga vitabu kwa taaluma, kila taaluma na namba yake. Vitabu vinavyohusu mvua basi hutawanyika jengo zima. Hali ya hewa iko 551, kilimo 630, hadithi za mapokeo 398.2, mashairi na riwaya ziko 800. Ukiandaa meza ya mvua, vitabu hivyo vilivyotenganishwa na namba vinakutana kwa wiki chache. Mtoto aliyekuja kuuliza kwa nini tunauona umeme wa radi kabla ya kusikia ngurumo anapata maelezo ya sayansi, na pembeni yake anaona hadithi ya kale inayolijibu swali lile lile kwa njia yake. Anaondoka na vyote viwili. Katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, peke yake ingempa kimoja.

Meza yangu ya kwanza niliipamba mno. Nilitandika kitambaa, nikapanga vitabu kama piramidi, nikazungushia utepe. Siku ya tatu mvulana mmoja alisimama mbele yake, mikono ameifunga nyuma, akakaza macho kwenye jalada lenye picha ya kobe. Nilipomsogelea aliniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, hivi navyo vinaazimwa?" Nilivunja ile piramidi siku hiyo hiyo. Toka hapo, kibao cha kwanza ninachoandika kwa kila meza kina maneno haya: *Vinaazimwa. Chukua.*

Vitabu 15 hadi 20 vinatosha. Visimamishwe jalada likitazama mbele, vingine kwenye usawa wa macho ya mtoto, na katikati pabaki nafasi, kwa kuwa watu huogopa kuharibu kitu kilichopangwa kikabana. Vingine 10 viwekwe akiba kaunta ili pengo likitokea lizibwe siku hiyo hiyo. Meza isikae kwenye dirisha linalopigwa na jua la moja kwa moja, maana jua hufifisha majalada na kukausha gundi. Msimu wa mvua, isogezwe mbali na ukuta wenye unyevu, kwa sababu karatasi hushika ukungu upesi.

Katika kuchagua, usikimbilie vitabu vipya tu. Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliweka kanuni tano za kazi yetu, na ya tatu inasema kila kitabu kina msomaji wake. Mimi huanza na rekodi za uazimaji: kipi ni kizuri na hakijatoka siku nyingi? Kitabu cha aina hiyo kikikaa mezani na kikaratasi cha mistari miwili kilichoandikwa kwa mkono na mtu aliyekisoma kweli, mara nyingi kinapata mtu. Lakini sifa ziwe mahususi. "Kitabu kizuri sana" hakimsaidii mtu. "Sura ya nne niliisoma nimesimama kituoni, basi likanipita" kinamfanya akifungue.

Meza bila shughuli huzoeleka haraka. Shughuli ninayoipenda kuliko zote ni ubao wa vitendawili, kwa sababu haihitaji fedha na inawavuta watu wa rika zote. Andika kitendawili kimoja kila Jumatatu, na jibu lake liwe ndani ya kitabu kimojawapo mezani. Anayetaka kujua sharti afungue. "Nyumba yangu haina mlango" nilikiunganisha na kitabu cha picha kuhusu ndege na mayai yao, na nimeona watu wazima wawili wakibishana juu ya ukurasa. Kusoma kwa sauti nako kuwe na siku na saa yake isiyobadilika, dakika 15 hadi 20, karibu na meza yenyewe, na kitabu kilichosomwa kiwepo tayari kuazimwa hadithi inapokwisha. Kikiwa na nakala moja tu, chagua kingine.

Kalenda inasaidia pia. Tarehe 21 Februari ni Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, 21 Machi ni ya ushairi, 2 Aprili ni ya vitabu vya watoto, 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na 8 Septemba ni ya kisomo. Usijaribu kuziadhimisha zote. Chagua tatu au nne unazoweza kuziandalia vizuri, maana meza iliyopangwa kwa pupa usiku wa kuamkia siku yenyewe msomaji huitambua.

Msimu wa mitihani unahitaji busara. Wanafunzi wamejaa, wamechoka, na riwaya ya kurasa 400 inawatisha. Weka mashairi, hadithi fupi na vitabu vya picha nzuri, vitu vya kusoma dakika 10 kisha mtu akarejea kwenye masomo yake. Likizo ni kinyume chake, muda upo. Hapo wakutubi wengi huanzisha mashindano ya nani kasoma vitabu vingi zaidi, na mimi siyaungi mkono. Nimeona watoto wakichagua vitabu vyembamba na kuruka kurasa, na wanaosoma polepole wakikata tamaa wiki ya kwanza. Afadhali kadi ya kuhesabu siku: kila siku mtoto aliyosoma, awe amesomewa au amemsomea mdogo wake, anapiga alama. Anayesoma polepole naye anaijaza.

Kila meza iwe na karatasi yake kaunta: orodha ya vitabu vilivyowekwa, tarehe ya kuanza, na alama kwa kila kilichoazimwa. Baada ya wiki tatu au nne ivunjwe, hata kama bado inapendeza. Vitabu ambavyo havikuguswa viangalie kimoja kimoja. Pengine jalada limechakaa, pengine maandishi ni madogo mno, pengine kilikaa nyuma ya kingine. Kisha weka ile orodha na vibao vyake kwenye bahasha, andika mwezi juu yake, uitunze. Mwakani msimu huo ukirudi, kazi utaanzia hapo.