Visababishi vya kijamii vya afya ni nini? Tuangalie mtoto mwenye sikoseli

Ni yale mambo ya nje ya hospitali yanayochangia kuamua nani ataumwa sana na nani atapata nafuu: hela, maji, nyumba, elimu ya mzazi, umbali wa kituo. Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya jambo hili 2005 chini ya profesa Mwingereza Michael Marmot, ripoti ikatoka 2008, ila sisi wa Kusini mwa Tanzania tunaliona kila siku bila hata ripoti.

Chukua sikoseli, au selimundu ukipenda, ugonjwa wa damu wa kurithi. Inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Seli nyekundu za damu zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, mtoto analia mifupa usiku kucha, na vinavyochokoza ni homa, malaria, baridi na mwili kukaukiwa maji. Sasa nesi anamwambia mama hakikisha mtoto anakunywa maji mengi. Haya, huyo mama anaishi kijijini huko Newala juu, ni kiangazi, maji ni ya kununua kwa dumu au kufuata mbali bondeni, na dumu hilohilo ndo la kupikia, la kuoshea vyombo, la kuogea watu sita, mtoto anyweshwe kutwa nzima kutoka wapi? Mwenzie wa Mtwara mjini mwenye bomba uani anakunywa tu, wala hajui kama hiyo nayo ni tiba. Ugonjwa uleule, vidonge vilevile.

Hela nayo huku ina msimu. Minada ya korosho inaanza Oktoba, watu wanalipwa, wanalipa madeni, ikifika masika mfukoni hamna kitu na tarehe ya kliniki haisubiri mnada. Bodaboda mpaka barabara kubwa, basi mpaka mjini, chakula cha njiani, na siku ya shamba ndo imeshaenda. Sera inasema chini ya miaka 5 matibabu bure, sawa, lakini nauli je? Na sikoseli haiishi mtoto akifikisha 5.

Kwahiyo foliki asidi, vile vidonge vya kusaidia mwili kutengeneza damu, zinaisha, mama anasubiri apate nauli, mtoto anazidiwa, hapo sasa inakodiwa gari usiku kwa hela ya kukopa, mtoto analazwa, darasani anaachwa nyuma, deni linalipwa kwa korosho za mwaka unaofuata. Halafu wodini anaambiwa we mama mzembe, mbona ulichelewa kumleta.