Tope la Jangwani si mwamba mtupu

"Baada ya maafa ardhi huanza sifuri, mwalimu." Jibu hilo hunipokea kila mwaka ninapofundisha jinsi uoto unavyofuatana. Silaumu wanafunzi. Mchoro waliokariri huanzia kwenye mwamba mtupu na kuishia kwenye msitu.

Mwamba mtupu ni habari ya lava iliyopoa jana. Mafuriko ya mto Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam, kama yale ya Desemba 2011, hayafuti udongo wote. Mengine huleta udongo juu ya udongo. Ndani ya tope hilo mna mbegu zilizolala na vipande vya mizizi ya matete, na ndiyo maana maji yakipungua kijani hurudi upesi. Hata mlima Saint Helens wa Marekani, uliolipuka Mei 18, 1980, haukuua kila kitu. Panya wachimbaji, wanaofanana kidogo na fuko wetu, walinusurika mashimoni, wakafukua udongo wa zamani na kuuchanganya na majivu. Palipokuwa patupu kabisa, mmoja wa mimea ya mwanzo kushika ulikuwa wa jamii ya kunde. Hapa huwa nang'oa mkunde mbele ya darasa: vinundu vya mizizini vina bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo mmea huu huweza kuishi pasipo na mbolea.

"Mimea kwanza, wanyama baadaye." Si lazima. Krakatau, kisiwa cha volkano cha Indonesia, kililipuka 1883. Miezi tisa baadaye wageni waliofika kisiwani walikuta buibui mdogo mmoja, basi.

Na msitu mnene si mwisho wa kila safari. Kwenye mikoko ya Kunduchi, chumvi na maji kujaa na kupwa ndivyo vinavyoamua nani akae; ukingoja mvule pale utazeeka.

Kwa vitendo, usipeleke watoto mtoni, maji yale machafu. Sisi tulizungushia kamba mita moja ya mraba kando ya mtaro wa shule baada ya masika, tukahesabu kila Ijumaa: ukoka, ndago, kisha mche mmoja wa mbarika. Wiki ya tano mfyekaji akapita na panga, kamba na yote. Wanafunzi walinuna. Tukaandika tarehe ya kufyekwa kwenye daftari, tukafunga kamba nyingine palepale. Ijumaa iliyofuata ndago zilikuwa zimeshachomoza.