Kwa nini mtu amwogope kinyonga, hali anajua hana sumu?

Wakati wa kuvuna zabibu huko Hombolo au Mpunguzi, mkoani Dodoma, mchumaji hodari anaweza kuruka mstari mzima wa mizabibu kwa sababu tu asubuhi ile mwenzake alimwona kinyonga pale. Muulize kama kinyonga anaua. Atakujibu hapana, hana sumu. Analijua hilo vizuri, na bado hapiti. Inakuwaje?

Kuogopa peke yake si ugonjwa. Nyoka, kwa mfano, ni vyema kumwogopa. Hofu huitwa fobia inapozidi mno hatari iliyopo, ikadumu kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na ikaanza kumpangia mtu maisha.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Hiyo huuamsha mwili kwa haraka sana, kabla fikra hazijapima kama hatari ni ya kweli. Adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kwa hatari, inamwagika, moyo unaenda mbio, jasho linatoka, pumzi inakata. Ndiyo maana kumwambia mtu "mbona hana sumu huyo" hakumsaidii: elimu hiyo anayo, ila mwili umeshatangulia. Juu ya hofu huja aibu, maana watu wazima wenzake wanamcheka.

Fikra nazo hubadilika. Macho yanamsaka kinyonga kila tawi, na jani lililojikunja linageuka kuwa kinyonga. Uwezekano wa kukutana naye unaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Lakini kinachoilisha fobia zaidi, kwa maoni yangu, ni kukwepa. Mtu akigeuka na kuondoka, moyo hutulia palepale. Nafuu hiyo ni tamu, na ubongo unaisoma kama ushahidi: nimesalimika kwa sababu nimekimbia. Hapati kamwe nafasi ya kuona kwamba hata angebaki asingedhurika, na kwamba hofu ingeshuka yenyewe. Leo anakwepa mstari, baadaye shamba zima, mwishowe anapoteza kibarua. Anayeogopa lifti naye atapanda ngazi kila siku, hata afikie kukataa kazi nzuri kwa kuwa ofisi iko ghorofa ya juu. Watoto wanatazama, na wengi huanza kuogopa kile wanachoona mama au baba anakiogopa.

Hofu ya damu na sindano ina tofauti yake. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda kwanza, kisha hushuka ghafla, na mtu anaweza kuzirai. Huyo hufundishwa kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo ili shinikizo lisishuke.

Fobia nyingi zinatibika. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mmarekani Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto aitwaye Peter, aliyeogopa sungura. Sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo, Peter akiwa anakula chakula anachokipenda, hadi akaweza kumgusa. Tiba ya leo inafuata njia hiyohiyo ya hatua kwa hatua: kwanza picha ya kinyonga, kisha kumtazama kwa mbali, kisha kumkaribia, na kila hatua mgonjwa anakaa mpaka hofu ishuke.

Mgonjwa mwenyewe ndiye anayekubali kila hatua. Kumrushia mwenzako kinyonga mgongoni ili "azoee" ni ukatili. Hajifunzi kuwa yuko salama, anajifunza kuwa hata rafiki zake si wa kuaminiwa.

Walioko Dodoma wana hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe. Wapo wanaoona haya kuingia pale wakidhani ni kwa wenye wazimu tu, kumbe hofu inayomnyima mtu riziki ni sababu tosha ya kumwona mtaalamu wa afya ya akili.