Je, programu isiyokubaliwa na tableti huiua?

Hapa Lamu, kuanzia mabaraza ya Langoni hadi kwa mafundi simu, wengi huamini kwamba ukiweka programu ambayo duka la programu limesema haifai kwa tableti yako, tableti itakufa. Hofu hiyo inaeleweka, maana kifaa ni ghali.

Kwa kawaida haifi. Kila faili ya APK, yaani faili ya kuwekea programu ya Android, hutaja toleo la chini kabisa la Android inalohitaji. Ikitaka 10 nawe una 7, tableti huikataa tu, na hakuna kinachobadilika. Ikiingia, hukaa katika eneo lake, mbali na mfumo wenyewe. Mara nyingi tatizo ni kujifunga kila ukiifungua, nawe utaiondoa. Kinachoweza kweli kuzima tableti ni kubadilisha mfumo wa Android wenyewe, na watu huchanganya mambo haya mawili.

Jihakikishie: fungua Mipangilio, kisha Kuhusu tableti, usome toleo lako.

Mimi naogopa zaidi faili isiyojulikana ilikotoka. Programu ya tochi ikiomba kusoma ujumbe wako, iache. Tangu Android 8 ya 2017, ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya duka hutolewa peke yake kwa kila programu inayoziweka, kama vile kivinjari; ukimaliza, izime.