Meli ya nchi kavu: manowari isiyowahi kulowa

Mzee wa Kimarekani aliyepitia ukuruta wa jeshi la majini pale San Diego miaka ya 1950 au 1960 atakutajia meli yake ya kwanza huku akicheka. Aliipiga deki, akaifunga kamba na kuifungua, akashika zamu juu yake, nayo haikusogea hata shubiri. Jina lake rasmi lilikuwa USS Recruit (USS ni alama ya meli za jeshi la Marekani), na "recruit" ndilo neno tulilolichukua sisi tukaliita kuruta. Makuruta wenyewe waliibandika jina jingine: USS Neversail, meli isiyosafiri.

Hiyo ni meli ya nchi kavu kwa maana yake ya kwanza: mfano wa meli uliojengwa ardhini ili wanamaji wapya wafundishwe juu yake. Recruit ilijengwa mwaka 1949 kwa kiunzi cha mbao kilichovikwa mabati, ikakaa juu ya zege ndani ya kambi. Ilikuwa theluthi mbili ya ukubwa wa manowari ya kusindikiza misafara, urefu wake kama mita 69. Kina cha maji chini yake: sifuri. Hata hivyo ilizinduliwa kwa sherehe na kuingizwa katika orodha ya meli za jeshi kama nyingine zote. Ilifutwa mwaka 1967. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba kompyuta zilipoanza kutunza orodha hiyo, hazikuona pa kuiweka meli ya namna ile. Hata baada ya kufutwa iliendelea kufundishia, na mwaka 1982 ikakarabatiwa ifanane na manowari za siku hizo.

Kwa nini wahangaike hivyo, na bahari ilikuwa hapo karibu? Makuruta walikuja kwa maelfu, wengi wao vijana wa bara ambao hawajawahi kuona chombo kikubwa. Ukimpeleka kijana wa namna hiyo moja kwa moja kwenye manowari, kamba inayokaza ghafla inaweza kumkata mguu. Juu ya Recruit alijifunza kuzungusha kamba kwenye vigingi vya sitaha, kushusha nanga, kuteremsha mashua ya uokozi na kusoma ishara za bendera. Akikosea, anakemewa tu na mkufunzi.

Lakini wakongwe wakikaa kusimulia, kamba si jambo la kwanza. La kwanza ni maneno. Kuanzia siku ya kuingia kambini, sakafu haikuitwa tena sakafu, iliitwa sitaha, hata kama ni ya bweni lenye msingi wa zege. Ukuta ukawa kiambaza cha meli. Choo kiliitwa "kichwa", kwa sababu katika meli za tanga za Ulaya mabaharia walijisaidia huko mbele, omoni. (Kwenye majahazi yetu choo kilining'inia nyuma, tezini. Mbaharia wa Lamu angecheka.) Aliyesahau akasema "sakafu" alijikuta chini akipiga pushapu. Sisi wenyewe omo na tezi wengi tunazijua kwa methali tu, nenda tezi na omo marejeo ni ngamani, kwa hiyo hatuna haki ya kuwacheka sana.

Kingine ni nguo. Walifua kwa mikono juu ya meza za zege, wakisugua kwa brashi, kisha wakaanika bila vibanio: kila vazi lilifungwa kambani kwa ugwe mfupi, na fundo likiwa ovyo unaanza upya. Usiku aliwekwa mlinzi wa kamba ya nguo. Nani angeiba chupi mbichi ya kuruta? Hakuna, na mlinzi alijua hivyo. Sehemu kubwa ya zamu baharini ni hiyohiyo, kukesha macho makavu ilhali hakuna kinachotokea.

Maana ya pili huwachanganya watu zaidi, nayo ni ya Waingereza. Kwao kambi nzima, pamoja na majengo yake, huandikishwa kuwa meli. Kienyeji huitwa "manowari ya mawe". Chanzo kilikuwa sheria: nidhamu ya wanamaji ilimbana mtu aliyeandikwa katika daftari la meli, basi karani wa ofisini pwani naye alihitaji meli ya kuandikwa. Mwaka 1804 walifika mbali zaidi, wakaliandikisha jabali zima karibu na kisiwa cha Martinique, Karibi, kwa jina la HMS Diamond Rock (HMS ni alama ya meli za kivita za Uingereza). Wafaransa na Wahispania walipoliteka mwaka 1805, kamanda wake alipandishwa mahakama ya kijeshi kwa kupoteza "meli", akaachiwa huru.

Desturi hiyo ilifika kwetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kituo cha wanamaji wa Uingereza pale Kilindini kiliitwa HMS Tana, na karakana yao ya ndege jijini Nairobi ikawa HMS Korongo. Meli, Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini!

Kambi za namna hiyo zilikwenda kimeli hasa. Kutoka getini kuliitwa "kwenda pwani", na ulitoka kwa saa maalumu, eti mashua inaondoka. Ukichelewa, umeachwa, ingawa geti liko wazi mbele yako. Pale HMS Ganges, kambi ya Shotley huko Uingereza, iliyofungwa mwaka 1976, palikuwa na mlingoti wa zaidi ya mita 43 uliosimikwa uwanjani. Vijana, wengine wa miaka 15, walilazimika kuupanda, na siku za sherehe mmoja wao alisimama wima kileleni kabisa.

Marekani leo inafundisha makuruta wake wote wa majini katika kambi ya Great Lakes, kaskazini ya Chicago, na meli yao ya ndani ya jengo, USS Trayer, ina bwawa, moshi na mafuriko ya kuigiza. Wanajaribiwa humo usiku kucha, na asubuhi kofia iliyoandikwa "Recruit" hubadilishwa na iliyoandikwa "Navy".

Kambi ya San Diego ilifungwa mwaka 1997. Mabweni yakageuzwa maduka na migahawa, wanamaji wakatawanyika, na Recruit ikabaki palepale ilipojengwa.