Nyundo ya Uskoti ya kujitengenezea: yanayosemwa na ukweli wake

"Si nyundo ileile ya Olimpiki?"

Siyo. Ya Olimpiki ina waya, na mrushaji huzunguka mwili mzima ndani ya duara. Hii ya mashindano ya kijiji cha Braemar na michezo mingine ya Nyanda za Juu za Uskoti ina mpini, na urefu wake wote hauzidi sentimita 127 hivi. Mrushaji huupa uwanja mgongo, miguu haibanduki, huizungusha nyundo juu ya kichwa na kuiachia ipite begani. Wanaume hurusha ya ratili 16 (kilo 7.26) na 22, wanawake 12 na 16.

"Kichwa kikiwa kizito tu, inatosha."

Dhana hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Mtu anamimina zege kwenye kopo, anachomeka mpini, anaingia uwanjani. Zege la kilo 7.26 huwa tufe la kipenyo cha sentimita 18. La chuma huwa 12 tu. Tena zege hupasuka likianguka. La madini ya risasi huwa dogo zaidi, lakini usiyayeyushe nyumbani: moshi wa risasi ni sumu. Nunua tufe la chuma, mpe fundi mwenye mashine alitoboe katikati.

Kichwa kivishwe kama sururu: kiingie kutoka upande wa kushikia, kiteremke hadi kwenye ncha iliyopanuliwa. Hapo kila ukizungusha kinazidi kujikaza. Ukikifunga kwa bolti iliyotoboa mpini, umeudhoofisha palepale penye mzigo. Na mzigo si mdogo: kurusha mita 40 kunahitaji kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo nyundo ya kilo 7.26 hukuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mtu mzima.

"Mpini wa bomba la chuma ndio imara."

Likipinda, limepinda. Henzerani hupinda ikarudi, na siku hizi wengi hutumia bomba la plastiki lenye ukuta mnene. Bomba jembamba la maji machafu halifai kabisa. Kagua mpini kabla ya kila mrusho. Ukiona ufa au mstari mweupe kwenye plastiki, utupe.

"Anza na nzito upate nguvu."

Umbali huletwa na kasi. Nyundo nzito humfundisha mgeni kuvuta kwa mikono, na tabia hiyo haitoki kirahisi. Anza na ratili 8 au 12, mikono inyooke, na kama unatumia mkono wa kulia, nyundo ifike chini kabisa ikiwa upande wako wa kulia.

"Visu vinavyochomoza kwenye ncha za buti ni udanganyifu."

Vinaruhusiwa. Vikizama ardhini ndivyo vinavyokuzuia usibebwe na nyundo.

"Mbele kukiwa wazi, hakuna hatari."

Ukichelewa kuachia au ukiwahi, nyundo huenda kando, nawe umeupa uwanja mgongo, huoni. Pande zote ziwe wazi kwa umbali unaoweza kurusha na zaidi, na anayekurekodi kwa simu naye akae nje ya umbali huo.